Jalada la kazi mtandaoni: bei ni ndogo, hasara iko kwenye kuchanganya

BEI ya jumla ya jina la intaneti linaloishia na .com ilipanda Septemba 1, 2024 kutoka dola za Marekani 9.59 hadi dola 10.26 kwa mwaka. Hiyo ndiyo bei ambayo kampuni ya Verisign, inayotunza daftari la majina hayo yote, huwatoza mawakala. Wakala naye huweka faida yake juu kabla ya kumuuzia mteja wa rejareja. Ikilinganishwa na mchele, saruji au mafuta ya kula, nyongeza ya senti 67 kwa mwaka si habari ya kumkosesha mfanyabiashara usingizi. Tunaanza nayo kwa sababu mfanyabiashara mdogo akiulizwa kwa nini hana mahali pake mwenyewe mtandaoni pa kuonyeshea kazi, jibu la kwanza huwa ni gharama.

Tupige hesabu kidogo. Tuchukue dola 15 kwa mwaka, yaani bei ya jumla pamoja na faida ya wakala. Kwa miaka 10 ni dola 150. Msomaji mwenye fremu anaijua kodi anayolipa, na wale waliotoa kilemba Kariakoo wanalijua zaidi ya kodi. Kila mmoja alinganishe mwenyewe. Ukurasa huu unaona kwamba hasara ya fundi au mchuuzi aliye mtandaoni haitoki kwenye ada hiyo. Inatoka kwenye tabia ya kuweka kazi anayoiuza na mambo anayoyapenda katika chombo kimoja.

Tuchukue mfano wa fundi samani wa Keko, Dar es Salaam. Huyu si mtu fulani, ni mfano tu, ila anayelijua eneo lile hatashindwa kumfikiria. Mkono wake ni mzuri. Anatengeneza vitanda vya mninga vya futi 5 kwa 6 na 6 kwa 6, makabati ya nguo na milango ya mkongo. Picha za kazi hizo anaziweka kwenye ukurasa wake wa Instagram, ambao pia una picha za harusi ya mdogo wake, njiwa anaowafuga nyuma ya nyumba, na utani wa Simba na Yanga kila baada ya mechi. Mteja aliye Dodoma anataka vitanda 12 kwa ajili ya nyumba ya wageni. Amepewa namba ya fundi na jamaa yake, na fundi amemwambia alivyo utaratibu wa Keko: nusu ya fedha kwanza, mbao zinunuliwe, kazi ianze.

Mteja huyo hajawahi kumwona fundi. Anafungua ukurasa ule kwenye simu akitafuta vitanda. Anakutana na njiwa. Anashusha chini, anakuta kitanda kimoja, halafu kejeli kwa timu ambayo pengine ndiyo yake, halafu picha za ukumbini, halafu kabati. Hana ugomvi na njiwa wala na harusi. Tatizo lake ni kwamba anatakiwa kutuma fedha nyingi kwa mtu asiyemjua, na kile alichopewa kimsaidie kuamua hakimwambii kama mtu huyo hutengeneza vitanda kila wiki au alitengeneza viwili mwaka juzi.

Wasomaji wa ukurasa huu wanaofuatilia mambo ya mikopo wataliona hili haraka. Advansi ni mkopo usio na dhamana ambao mteja humpa fundi. Benki ikikopesha hushika hati ya nyumba au kadi ya gari. Mteja wa samani hashiki kitu chochote mpaka kitanda kifike. Dhamana yake pekee ni rekodi ya kazi zilizopita, jinsi anavyoweza kuiona. Rekodi hiyo ikiwa imetawanyika katikati ya mambo mengine, thamani ya dhamana inashuka hata kama kazi zenyewe ni nzuri, na fundi atalipia kushuka huko kwa njia anayoifahamu: ataombwa apunguze bei, ataombwa aanze kwa fedha yake mwenyewe, au simu haitapigwa tena.

Jalada la kazi ni kurasa chache tu, zenye jina lake zenyewe, zinazoonyesha kazi ulizofanya na namna ya kukupata, basi. Si duka kamili la mtandaoni wala gazeti.

MPANGAJI ASIYE NA MKATABA

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kufungua ukurasa wa pili wa Instagram, mmoja wa kazi na mmoja wa njiwa. Hiyo ni hatua nzuri na haigharimu kitu. Lakini anayejenga biashara yake yote huko amepanga chumba kwa mwenye nyumba ambaye hajaandikishana naye muda wala kodi, na historia ya intaneti ina mifano ya kutosha ya wapangaji wa namna hiyo kutolewa vyombo nje.

Wa zamani kuliko wote tunaoweza kuutaja ni GeoCities, huduma iliyoanza Marekani mwaka 1994 na kuwapa watu nafasi ya bure ya kurasa zao. Kurasa zilipangwa kwa mitaa kufuatana na mambo ambayo mtu anayapenda, wapenzi wa kompyuta mtaa wao na wapenzi wa sinema mtaa wao, na ndani ya mitaa hiyo watu wengi waliweka kazi zao za kuuza bega kwa bega na paka wao. Kampuni ya Yahoo iliinunua mwaka 1999. Oktoba 2009 iliifunga, isipokuwa tawi la Japani lililoendelea mpaka 2019. Waliokuwa wamechapa anwani zile kwenye kadi za biashara walibaki na kadi.

Mfano wa karibu zaidi unawahusu wafanyabiashara wadogo moja kwa moja. Google ilikuwa ikimpa mwenye biashara aliyejiandikisha kwenye ramani yake tovuti ndogo ya bure. Machi 2024 tovuti hizo zilizimwa. Kwa miezi michache waliozifungua walielekezwa kwenye maelezo ya biashara yaliyomo kwenye ramani, na ilipofika Juni 10 mwaka huohuo hata maelekezo hayo yakaisha.

Kuna pia waliofuata majina ya bure ya .tk, .ml na .ga yaliyokuwa yakigawiwa na kampuni ya Freenom. Kampuni hiyo ilishtakiwa na Meta mwaka 2023 kwa madai kwamba majina yake yalikuwa yakitumiwa na matapeli, ikaacha kuandikisha majina mapya, na mwaka 2024 ikatangaza kuondoka kabisa katika biashara hiyo. Gabon ilikwisha kuichukua .ga mikononi mwake mwaka 2023. Mfanyabiashara mwaminifu aliyekuwa humo aliponzwa na majirani. Na hata pasipo kufungwa chochote, Oktoba 4, 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa takriban saa sita, na siku hiyo wenye maduka yaliyokuwa huko tu hawakuwa na duka.

Hatusemi mtu aiache mitandao ya kijamii. Ndiko wateja walipo, na ndiko kunakopigwa mbiu. Tunachosema ni kwamba mbiu imwelekeze mteja kwenye mahali ambapo jina ni lako.

JINA NA HATI YAKE

Hapa mtu wa Tanzania au Kenya ana nafasi nzuri kuliko anavyodhani, kwa kuwa mgawanyo tunaouzungumzia umo tayari kwenye majina yenyewe. Jina linaloishia na .co.tz lilitengwa kwa ajili ya biashara, na .me.tz kwa ajili ya mtu binafsi. Kenya iko vivyo hivyo: .co.ke kwa biashara na .me.ke kwa mtu binafsi. Mteja wa hapa akiona .co.tz anajua, kabla hajasoma neno lolote, kwamba hili linakusudiwa kuwa la biashara na ni la hapa nchini. Anayetafuta wateja wa nje, kwa mfano mchonga vinyago wa Mwenge anayewauzia watalii waliokwisha rudi kwao, atafanya vizuri zaidi na .com, kwa kuwa ndilo linalokumbukwa na wengi. Kuyachukua yote mawili mwanzoni ni matumizi yasiyo ya lazima.

Mawakala wengi wa hapa hupokea malipo kwa simu, na hilo linamwondolea mtu usumbufu wa kadi ya benki na makato ya kubadili fedha. Wakala wa nje huonekana rahisi kwa sababu ya bei ya mwaka wa kwanza. Msomaji asiangalie bei hiyo hata kidogo. Aulize mwaka wa pili ni kiasi gani, kwa kuwa jina utakaa nalo muda mrefu, na punguzo la mwaka mmoja ni chambo cha kawaida katika biashara hii.

Jina lenyewe liwe fupi na liweze kuandikwa sawasawa na mtu aliyelisikia kwenye simu mara moja. Katika hili Kiswahili kina faida ambayo wengi wanaitupa, maana huandikwa kama kinavyotamkwa. Neno “samani” mtu yeyote ataliandika bila kuuliza. Neno “furniture” likitajwa kwenye simu yenye kelele ya randa litaandikwa kwa namna nne, na tatu kati ya hizo zitampeleka mteja kwingine. Vistari na tarakimu katikati ya jina vina matatizo hayohayo. Aidha, ieleweke kwamba kusajili jina la biashara BRELA hakukuhifadhii jina hilo kwenye intaneti, wala kuwa nalo kwenye intaneti si usajili wa biashara. Ni madaftari mawili tofauti, hivyo ni busara kuyaangalia yote mawili kabla ya kuchapa kadi.

Jambo tunalotaka msomaji alishike kuliko mengine katika sehemu hii ni nani ameandikwa kuwa mwenye jina. Mara nyingi mfanyabiashara humpa kijana anayejua kompyuta fedha, kijana analipia jina, analiandikisha kwa barua pepe yake mwenyewe, na mambo yanakwenda vizuri kwa miaka miwili. Baadaye kijana anahama, au wanatofautiana kuhusu malipo. Hapo ndipo mfanyabiashara anapogundua kwamba kiwanja alichojengea kina hati ya mtu mwingine. Kijana anaweza kuwa mwaminifu kabisa na tatizo likabaki palepale, kwa kuwa kila ujumbe wa kulipia upya na kila ombi la kubadili neno la siri huenda kwenye barua pepe iliyoandikishwa. Lipia mwenyewe, andikisha kwa barua pepe yako, halafu mpe fundi ruhusa ya kufanya kazi. Na barua pepe hiyo isiwe ileile iliyojaa matangazo ya klabu na vikundi vya njiwa, kwa sababu onyo la kwamba jina linakaribia kuisha muda litapita humo bila kuonekana.

MAHALI PA KUWEKA KURASA

Hili ndilo eneo ambalo watu hutozwa fedha zisizo za lazima. Jalada la kazi ni kurasa tuli: maandishi, picha na namba ya simu. Halina hesabu za kufanya wala ghala ya bidhaa ya kutunza, kwa hiyo halihitaji seva ya kukodi kwa mwezi. GitHub imekuwa ikitoa nafasi ya bure ya kurasa za aina hii tangu 2008, na inakubali kuunganishwa na jina ulilolinunua. Nafasi hiyo ina kikomo cha gigabaiti 1, ambayo kwa jalada lililopangwa vizuri ni kubwa mno. Masharti yake yasomwe: inaruhusu kuonyesha kazi, lakini haikubali kutumika kama mahali pa bure pa kuendeshea duka la kuuza na kupokea malipo. Cloudflare nayo inatoa nafasi ya bure ya kurasa tuli. Kwa asiyetaka kugusa lugha ya kompyuta kabisa, Google Sites hupangwa kwa kuburuta na kuandika, nayo hukubali jina lako.

Msomaji makini atauliza kama hao nao si wenye nyumba. Ni kweli, nao wanaweza kufunga kesho. Tofauti iko kwenye jina. Ukiwa na jina lako na nakala ya picha na maandishi yako kwenye kompyuta au flashi nyumbani, mwenye nyumba akifunga unahamia kwa mwingine, unabadilisha maelekezo ya jina, na mteja anayeandika anwani ileile hatajua kwamba ulihama.

Ile alama ya kufuli, yaani usimbaji wa mawasiliano, isiuzwe kwako kama kitu cha ziada cha gharama kubwa. Shirika la Let's Encrypt lilianza kutoa vyeti hivyo bure kwa umma Desemba 2015, na huduma tulizozitaja huviweka zenyewe. Tangu Julai 2018 kisakuzi cha Chrome huandika kwamba ukurasa usio na cheti si salama. Maneno hayo si mazuri kuonekana mbele ya mtu anayefikiria kukutumia advansi.

KAZI KUMI ZA UKWELI

Watu hudhani jalada likiwa na picha 100 ndilo lenye nguvu. Maoni yetu ni kinyume. Kazi nane hadi 12 zilizoelezwa zinatosha. Kila moja iseme ni kitu gani, vipimo vyake, mbao gani, ilichukua siku ngapi, ilikwenda mji gani na mwaka gani. “Kitanda kizuri cha kisasa” ni maneno yasiyomwambia mteja lolote. “Kitanda cha mninga, futi 5 kwa 6, siku 9, kilipelekwa Morogoro, 2024” ni maneno anayoweza kuyalinganisha na ya fundi mwingine. Mwaka ni wa muhimu, kwa sababu jalada lisilo na tarehe mteja hulichukulia kuwa la zamani.

Sasa kuna ugonjwa ambao lazima tuutaje, nao ni wa kuazima picha. Fundi anakwenda Pinterest au kwenye katalogi ya kiwanda cha nje, anachukua picha ya kitanda kinachong'aa kwenye chumba chenye zulia jeupe, anaandika namba yake ya simu juu yake. Huenda ana uwezo wa kukitengeneza kweli. Lakini mteja wa leo anaweza kuitafuta picha hiyohiyo kwa simu yake na kuikuta katika kurasa 40 za nchi mbalimbali, na tangu dakika hiyo hata picha zako za kweli haziamini. Picha iliyopigwa kwenye karakana yako, yenye maranda sakafuni na ukuta usiopakwa rangi, ina thamani kubwa zaidi kibiashara. Piga pia maungio kabla hayajafunikwa, na chaga kabla godoro halijawekwa. Mnunuzi anayejua mbao atatazama hapo kwanza, na asiyejua atavutiwa na kwamba hukuficha.

Uzito wa picha nao ni suala la fedha, fedha za mteja. Picha ya simu ya kawaida huweza kuwa na megabaiti 4. Picha 12 za namna hiyo ni megabaiti 48, na mteja anayenunua bando dogo atafunga ukurasa kabla hazijafika nusu. Zipunguze upana hadi pikseli 1,600 hivi, na kila moja itashuka hadi kilobaiti 250 au karibu na hapo; zote 12 zinakuwa megabaiti 3, na kwa macho ya kawaida hakuna tofauti. Kabla ya kuzipandisha, ondoa pia taarifa za mahali ambazo simu huzificha ndani ya picha. Picha uliyopiga sebuleni kwa mteja inaweza kubeba ramani ya nyumba yake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyoanza kutumika Tanzania Mei 2023 inazilinda taarifa za aina hiyo. Kenya ina sheria yake tangu 2019. Omba ruhusa ya mteja kwa maandishi, hata ujumbe mfupi wa simu unatosha kuwa kumbukumbu.

Kuhusu bei, tunajua ubishi uliopo. Wengi huandika “bei njoo inbox”, wakihofia washindani na wakitaka nafasi ya kupatana. Kupatana hakutakufa. Lakini mteja asiyeona bei yoyote hudhani ni kubwa kuliko ilivyo, na anayeuliza humkuta fundi ana msumeno mkononi, jibu linakuja usiku. Andika bei ya kuanzia kwa kila aina ya kazi, na tarehe uliyoiandika, kwa kuwa mbao hupanda.

Mwisho wa ukurasa weka namba ya simu ya kazi na namba ya malipo. Hapa uchanganyaji huleta madhara ambayo watu wengi hawayaoni. Mteja akiingiza namba ya malipo, simu humwonyesha jina kabla hajathibitisha. Ikiwa jalada lina jina la karakana na simu inaonyesha jina la shemeji, mteja husita, na ana haki ya kusita. Lipa Namba iliyosajiliwa kwa jina la biashara humaliza shaka hiyo, na jioni humrahisishia fundi mwenyewe kujua ni fedha ipi ya vitanda na ipi ya mchango wa harusi.

NJIWA WAENDE WAPI

Hakuna haja ya kuwaficha njiwa, wala ushabiki wa mpira. Wakae kwenye ukurasa wa kijamii wa jina lako au la utani, au kwenye .me.tz kama mtu anapenda kuwa na chake. Kanuni tunayoipendekeza ni ya upande mmoja: kutoka kwenye mambo ya kupenda unaweza kumwelekeza mtu kwenye kazi, maana rafiki wa njiwa anaweza kuhitaji kabati, lakini kutoka kwenye kazi usimwelekeze mteja kwenye njiwa.

Swali gumu ni la yule ambaye kazi na mapenzi vimekaribiana. Mpiga picha za harusi anayependa kupiga ndege wa Rufiji aweke ndege wapi? Fundi cherehani anayedarizi vitambaa kwa kujifurahisha? Kipimo chetu ni hiki: watu watatu wasio ndugu wala marafiki wakishakulipa kwa bei kamili, hicho ni biashara na kina nafasi kwenye jalada, ikiwezekana kwa ukurasa wake wenyewe. Kabla ya hapo kibaki upande mwingine. Kipimo hicho si cha kitabuni, na msomaji anaweza kuwa na chake, mradi kipimo kiwe fedha iliyolipwa na si sifa zilizotolewa.

Kwa Tanzania ipo sababu nyingine ya kutenganisha, nayo ni ya leseni. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu na wachapishaji wa mtandaoni kuwa na leseni ya TCRA, ikiwa na ada ya maombi shilingi 100,000 na ya leseni shilingi 1,000,000. Kanuni hizo zilitungwa upya mwaka 2020 na kurekebishwa mwaka 2022. Anayeanza kwa utani wa mpira na kuishia kuchapisha habari za usajili wa wachezaji kila siku ajiulize amefika wapi, na awaulize TCRA. Ikiwa anafanya hivyo ndani ya kurasa za samani, suala hilo linaibebesha karakana yote.

MWEKEZAJI NAYE

Wasomaji wetu wasio mafundi, wale wanaoombwa kuingiza fedha kidogo katika biashara ya mtu mwingine, wanaweza kulisoma jalada kwa jicho jingine. Tarehe ya kuandikishwa kwa jina la .com iko wazi kwa mtu yeyote. Tangu Januari 28, 2025 mfumo mpya unaoitwa RDAP ndio unaotumika rasmi kutoa taarifa hizo badala ya ule wa zamani wa WHOIS, na ICANN ina ukurasa wa kutafutia bila malipo. Biashara inayodai kuwa mtandaoni tangu 2010 kwa jina lililoandikishwa mwezi uliopita iulizwe maswali. Si lazima iwe ya kitapeli, huenda ilibadilisha jina, lakini jibu litamwambia mwekezaji kitu. Hali kadhalika hazina ya Wayback Machine, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2001, huhifadhi kurasa za zamani za tovuti nyingi. Humo unaweza kuona kama karakana inayotafuta mbia ilikuwa ikionyesha samani miaka mitatu iliyopita au ilikuwa ikiuza kitu kingine kabisa.

Mwekezaji aangalie pia tarehe ya jina kwisha muda, kwa sababu huo ni uzembe unaopimika. Jina la .com lisipolipiwa, wakala anaweza kulishikilia hadi siku 45. Likishafutwa linaingia kwenye siku 30 za ukombozi, ambapo mwenyewe anaweza kulirudisha kwa ada iliyo kubwa mara nyingi kuliko ya kawaida. Baada ya hapo zinabaki siku 5, kisha jina linarudi sokoni na yeyote anaweza kulichukua, pamoja na wateja wanaoendelea kuliandika. Jina linaweza kulipiwa hadi miaka 10 kwa mkupuo. Asiyependa kufunga fedha muda wote huo alipie miaka miwili au mitatu, na tarehe aiandike kwenye kalenda ya karakana, ile yenye tarehe ya kulipia leseni ya biashara.